Kitanda Nisichokitandika

Ninyi mnaoanza kazi ya kupokea wageni mkidhani ni kazi ya kutabasamu, sogeeni karibu niwaharibie ndoto. Mimi nimetandika vitanda vya watu tangu nikiwa msichana hadi magoti yalipoanza kulalamika. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kulala kwenye kitanda alichonitandikia mtu mwingine. Nyumbani nilijitandikia, kazini niliwatandikia wengine. Hata nilipokwenda hospitali kuwazaa Kulwa na Doto, mapacha wangu, nilishuka kwanza kitandani nikakaza shuka, muuguzi akanigombeza mbele ya wodi nzima. Nilipostaafu ndipo nilipolazwa kama mgeni, tena ng'ambo ya mpaka, na nawaambia kweli, ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Gesti yetu ilikuwa hapa Tabora mjini, jirani na stesheni, vyumba vichache vimezunguka ua wa saruji. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanahawa, wa zile familia za Kiislamu ambazo mji huu ni wao tangu enzi za misafara. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa shuka, akaniacha chumbani, akarudi akavua viatu na kujilaza kwenye kitanda nilichokitandika. Alilala hasa, macho kafumba. Nikasimama mlangoni nisijue niondoke au nisubiri. Alipoinuka akasema, "Miguuni umebana mno. Mgeni ni mtu, siyo barua."

Kwa hiyo hilo mlishike. Kabla mgeni hajalala kwenye kitanda chako, lala wewe. Ukiwa umesimama chumba chote ni kizuri. Ukilala ndipo unamwona buibui wa darini, ndipo taa inakupiga machoni, ndipo unasikia bomba linadondosha maji tone kwa tone upande wa kichwani. Nusa blanketi, usiliangalie tu. Chupa ya chai usiiamini kwa kuishika kwa nje, mimina kidogo kwenye kikombe uonje. Kandambili za bafuni hakikisha moja ni ya kulia na nyingine ya kushoto. Mnacheka, lakini mimi nimemwona mwalimu mkuu wa shule akitembea uani na mbili za kushoto, na hadi leo akiniona sokoni anaangalia miguu yake.

Na hodi. Hodi ina mambo yake. Gonga mara mbili, sema ulichokuja kusema, ondoka. Usisimame pale ukisubiri kujibiwa, maana mtu aliyetoka usingizini ana haki ya kukunja uso bila kuonwa. Zamani mimi ndiye nilikuwa saa ya abiria. Treni ya Kigoma ikikaribia, ya Mpanda ikikaribia, ni mimi na kidole changu mlangoni. Siku hizi simu zinawaamsha, na mgeni anaomba neno la siri la intaneti kabla hajakuitikia salamu. Sina ugomvi na hilo, ila simu haijui kama mtu aliyeamka ana homa. Mimi nilijua kwa namna alivyoitika.

Kitu kingine kilichonisaidia kazini ni utani. Sisi Wanyamwezi tuna watani wetu njia nzima hadi pwani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya watu mabegani. Mzaramo akiingia gestini, mimi sina adabu kwake na yeye hana kwangu. Alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa vitenge, Mzaramo kutoka Dar, alinuna kwa sababu chai ilichelewa. Nikamwambia Wazaramo hapa wanalala chini, vitanda tumeweka kwa ajili ya watu. Akanyanyuka, akanivua kilemba changu kichwani, akakivaa, akaenda nacho stesheni huku akipungia wapita njia. Alikirudisha safari iliyofuata kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi, na tangu hapo hakulala nyumba nyingine. Basi mimi nikaamini kwamba hakuna mnuno usioondolewa na utani. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonitia matatani.

Sasa niwaambie kuhusu Consolata. Huyu alitoka Ulyankulu, mtoto wa familia ya Warundi waliokimbilia kule, lakini yeye alizaliwa hapahapa kwetu na Kiswahili chake ni cha Tabora kabisa. Alikuja gestini akiwa mwembamba, mkimya, na mikono yenye haraka. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Nililala kwenye vitanda vyake, nikaonja chai yake. Baadaye wazazi wake walirudi Burundi, naye akawafuata, akaolewa huko na Nestori, kijana ambaye mama yake alikuwa na nyumba ndogo ya wageni kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, si mbali na Rumonge. Nilimkosa sana, ingawa sikumwambia.

Nilipokwisha kustaafu akanipigia simu.

"Mama Kulwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umenitupa."

"Sijakutupa. Nataka uje kwangu upumzike. Kuna chumba kinachotazama maji."

Mimi mtu akinitajia kupumzika naona kuna kitu amekificha. Nikamwambia aseme yote. Akavuta pumzi, akasema. Mama mkwe wake, Mama Leokadia, alikuwa amechoka na anataka kukabidhi funguo za nyumba. Alikuwa akisita kati ya watu wawili, Consolata na wifi yake anayeishi Bujumbura. Wifi alikwisha sema wazi kwamba akipewa yeye, vile vyumba vinabomolewa, pale panajengwa ukumbi wa harusi. Consolata alitaka nyumba ibaki kama ilivyo.

"Nimemwambia kazi nilifundishwa na wewe," akasema. "Akasema, mlete nimwone huyo aliyekufundisha."

Kumbe nilikuwa naitwa kupumzika na kukaguliwa kwa pamoja! Nikafunga safari. Nilipanda treni hadi Kigoma, kisha gari hadi Manyovu, nikavuka mpaka. Njia yenyewe ni ileile ya wapagazi, na babu wa babu yangu aliipita hadi ziwani na mizigo ya watu begani. Dirishani nilijichekea peke yangu, Mnyamwezi wa kwanza katika ukoo wetu kwenda ziwani bila mzigo. Si kweli sana, maana miguuni nilikuwa na dumu la asali na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kuchemsha na kuanika. Mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Nyumba niliipenda mara moja. Vyumba vitano, baraza moja refu, mchanga unafika hadi kizingitini. Nyuma kuna michikichi, mbele maji tu, na ng'ambo milima ya Kongo inaonekana kwa mbali kunapokucha vizuri. Familia nzima inafanya kazi. Nestori anakwenda kwa wavuvi na kukaanga samaki, Consolata yuko vyumbani na mezani, na Mama Leokadia yuko kila mahali. Alikuwa mwanamke mrefu, mzito kidogo, na funguo zote za nyumba alizifunga kwenye pindo la kitenge chake kiunoni. Huhitaji kumtafuta. Unasikiliza tu, funguo zinakwambia yuko stoo, sasa yuko jikoni, sasa anakuja.

Alinipokea vizuri, akaonja asali kwa kidole, akafumba macho. Nikaonyeshwa chumba. Consolata alisimama mlangoni akiniangalia nikivuta shuka, nikinusa blanketi, nikipima chandarua.

"Miguuni?" akauliza.

"Miguuni sawa," nikasema, na wote wawili tukamkumbuka Bi Mwanahawa, ambaye Consolata alimjua kwa hadithi zangu tu, maana alifariki kabla hajaja gestini.

Asubuhi niliamka kabla ya watu. Mwili unajua saa zake. Nikatandika kitanda, nikakaa juu yake, nikakosa la kufanya. Nikatoka barazani, nikaona ufagio umeegemea ukuta. Wenzangu, mimi ufagio ulioegemea ukuta siwezi kuupita. Nikaanza kufagia. Nilifagia baraza, nikashuka ngazi, nikaendelea kufagia mbele ya nyumba, na ilinichukua muda kutambua kwamba nafagia ufukwe. Nilikuwa natoa mchanga juu ya mchanga.

Funguo zikalia nyuma yangu.

"Mama," akasema Mama Leokadia kwa Kiswahili chao cha kule, "weye ulikuya kupumzika ao kufagia?"

Nikaona aibu. Na mimi nikiona aibu nakimbilia pale ninapokimbilia siku zote. Nikashika kiuno, nikamwambia, "Nafagia kwa sababu nyumba hii sasa ni yangu. Wewe umezeeka, nenda kalale, hizo funguo nipe mimi."

Kwetu, mama huyo angeninyang'anya ufagio na kunikimbiza nao hadi majini, tukanywa chai huku tukicheka. Mama Leokadia hakucheka. Alinitazama, akamtazama Consolata aliyekuwa ametokea na birika mkononi, kisha akazishika funguo zake kwa kiganja zisilie, akaingia ndani.

"Mama Kulwa," Consolata akasema taratibu, "umeniua."

"Ulikuwa utani!"

"Kwani yeye ni mtani wako? Huku hakuna watani. Sasa atadhani nimekuita uje umwondoe."

Siku hiyo funguo hazikusikika. Mama Leokadia alipita kimyakimya, ameziweka mkononi. Mchana aliniletea mwenyewe samaki wa mukeke, hawa ambao Kigoma wanawaita migebuka, wamepikwa na mawese na ndizi, chakula ambacho siku nyingine ningekula hadi nilegeze kanga. Aliweka sahani, akaninawisha mikono, akaenda zake. Nilidonoa kidogo, nikaisukuma sahani. Nilimwona Consolata akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, na nilijua anafikiria ule ukumbi wa harusi. Niliumia sana. Mtu amekaa miaka akijenga jina kwa mama mkwe wake, na mimi nimekuja kulivunja kabla ya chai ya asubuhi.

Alasiri nilimkuta Mama Leokadia ameketi nyuma ya nyumba akikunja shuka zilizotoka kuanuliwa. Nikaketi. Sasa ninyi mnajua, shuka inakunjwa na watu wawili. Mikono yangu ilikwisha kuufikia upande wa pili. Nikairudisha, nikaikalia.

"Mama Leokadia, naomba radhi. Kwetu maneno yale ni ya kuchekana tu."

Aliendelea kukunja. Baadaye akauliza, "Weye kazi uliiacha siku nyingi?"

"Si nyingi sana."

"Na sasa unafanya nini kutwa?"

Ningeweza kumwambia mambo ya heshima, wajukuu, bustani, jumuiya kanisani. Lakini alikuwa ameshika shuka vizuri, na mtu anayeshika shuka vizuri mimi siwezi kumdanganya.

"Siku ya kwanza ya kustaafu nilitandika kitanda changu," nikasema. "Kisha nikakivuruga, nikakitandika tena. Watu wote wananiambia nipumzike. Hakuna aliyenionyesha kunaanzia wapi."

Akaweka shuka mapajani.

"Yale maneno nilijua ni muchezo," akasema. "Mimi si mutoto. Sikuogopa maneno, niliogopa ufagio. Nilikuona pale nikasema, ndiye mimi huyu. Nikitoa funguo, nitatembea kwenye nyumba za watu nikifagia muchanga."

Alikuwa amesema kweli. Kumbe hakuwa anasita kati ya mkwe na binti yake. Alikuwa anasita kati ya kuwa na funguo na kutokuwa nazo.

"Kama mutu anaweza kupumzika," akasema, "pumzika nikuone. Ukiweza weye, na mimi nitaweza."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Asubuhi iliyofuata nililala chali nikisikiliza. Nilisikia ufagio barazani, nikajua ni Consolata kwa sababu anaanzia pembeni kama nilivyomfundisha. Nilisikia mkaa ukimwagwa jikoni. Nilisikia mtu anakwangua sufuria kwa kijiko cha chuma, nikawa nimekwisha kufika mlangoni na mkono uko kwenye komeo. Nikajirudisha kitandani kwa nguvu. Miguu yangu ilikuwa inatembea chini ya shuka.

Kuomba nako kulinishinda. Nimewahudumia watu maisha yangu yote, na bado "Naomba chai nyingine" haikutaka kunitoka. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba Nestori alidhani naongea na paka. Lakini niligundua jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Nilipoomba, nyumba nzima ilichangamka. Mgeni asiyeomba kitu anawatia wenyeji wasiwasi, hawajui kama yuko radhi au anawavumilia. Kumbe wale wageni wangu waliokuwa wakiniita kila dakika, hawa niliowasonya kimoyomoyo, walikuwa wamejiachia nyumbani kwetu. Msiwasonye.

Basi nikaomba. Niliomba tangawizi zaidi. Niliomba kiti kisogezwe kivulini, kisha kirudishwe juani. Niliingia ziwani na kanga yangu, nikaketi majini hadi kifuani, ambako hakuna cha kufagia. Mama Leokadia alinitazama kutoka barazani muda mrefu. Siku ya pili yake alishuka, akakunja kitenge, akaketi karibu nami. Funguo ziliingia majini pamoja naye.

Mwanzoni uso wake ulikuwa umeelekea nyumbani. Mgeni mmoja akaita kutoka barazani, naye akaanza kuinuka.

"Kaa," nikamwambia. "Yupo mtu."

Tukamsikia Consolata akiitika. Tukatega masikio, vikongwe wawili ndani ya maji, tukitafuta kosa.

"Hajamuuliza kama anataka samaki wa kukaanga ao wa muchuzi," Mama Leokadia akanong'ona.

"Ngoja."

"Amemuuliza," akasema, kama mtu aliyenyimwa kitu. Kisha akacheka, akageuza uso kuelekea ng'ambo. Sidhani kama alikuwa amewahi kuitazama ile milima ya Kongo kwa utulivu, na amezaliwa mbele yake. Siku zile zilizobaki alikuja majini kila alasiri. Tuliongea mambo ya wageni wabaya na wazuri, nami nikamweleza utani wetu ulivyo, nani anamtania nani na kwa nini. Alisema Wanyamwezi ni watu wa ajabu. Kuhusu funguo hakusema, na mimi sikuuliza, na Consolata alikuwa amepungua uso kwa kungoja.

Asubuhi ya kuondoka niliamka saa zangu zilezile. Sikuinuka. Nilisikia mawimbi madogo, nikasikia birika likiwekwa chini, kisha nikasikia funguo. Zilitoka stoo, zikapita jikoni, zikaja barazani upande wangu. Nikasema, bado anazo, nimeshindwa kumwonyesha.

Funguo zikasimama mlangoni kwangu. Halafu nikashtuka, kwa sababu hatua zile zilikuwa nyepesi, si za mtu mzito.

Mlango ukagongwa mara mbili.

"Mama Kulwa, maji yako ya moto yapo hapa."

Ilikuwa sauti ya Consolata. Hakusubiri nimjibu. Aligeuka akaenda zake na funguo zikilia kiunoni mwake, na nilimsikiliza hadi alipoishia jikoni. Nililia, sioni haya kusema. Nililia nimelala, kwa starehe, na nilikuwa na haki ya kukunja uso wangu bila kuonwa na mtu.

Nikaoga, nikavaa, nikafunga mfuko wangu. Shuka ilikuwa imejiviringa, mto umeanguka, chandarua kinaning'inia upande. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukashika ncha ya shuka. Nikauachisha, nikatoka, nikafunga mlango.

Mama Leokadia alikuwa barazani, kwenye kiti changu, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, kitenge chake hakina kitu pindoni. Alinikagua kuanzia juu hadi chini.

"Umetandika?"

"Sijatandika."

Akasogeza miguu kidogo ili nipate pa kukaa.

"Hata mimi changu sijatandika," akasema.